Gazeti la 1872 mezani kwa mwanafunzi wa Ujiji

Mwanafunzi wa sekondari Ujiji anaweza leo kusoma, bila kulipa hata senti, gazeti lililoutangazia ulimwengu kwamba mwandishi wake, Stanley, amemkuta mmisionari Livingstone pale pale mjini kwao. New York Herald la Julai 1872 limo katika hazina ya magazeti ya kale iliyowekwa mtandaoni na Maktaba ya Bunge la Marekani, ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu wa Kigoma au Tabora anayetaka kuliingiza darasani atakabiliwa na hoja mbili zinazovutana, na kila moja ina uzito wake.

Tuanze na ya wanaopinga, kwa sababu ndiyo nzito zaidi. Wanasema kilichopigwa skani kwa wingi kuhusu magharibi ya Tanzania ni sauti ya mgeni: mwandishi wa Kimarekani, mhariri wa Kijerumani, ofisa wa Kiingereza. Mtoto akipewa ukurasa uliochapwa, wenye tarehe na jina kubwa juu, huuamini. Maandishi yana heshima ambayo simulizi ya bibi yake haina. Ndani ya ukurasa huo mna matusi kwa watu weusi, na humo Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, ni jambazi tu.

Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini simulizi ya Stanley imekwisha kuingia darasani zamani, kupitia vitabu, tena bila jina la msimuliaji. Kila mtoto anajua sentensi ya “Dk. Livingstone, kama sikosei?” Ni wachache walioambiwa kwamba kurasa za siku ile zilichanwa katika shajara ya Stanley, na kwamba Livingstone mwenyewe hakuyaandika maneno hayo. Stanley anataja tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu ya siku ikawapotea. Gazeti likiwekwa mezani, mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba habari ina mwandishi, ina mwajiri aliyemlipa, na ina safari. Stanley alifika Bagamoyo Mei 1872. Zanzibar haikuwa na simu ya waya (telegrafu) hadi 1879. Kwa hiyo jambo la Ujiji lilichukua miezi minane kuwafikia wasomaji wa New York, na ramani ya njia hiyo peke yake yatosha kwa somo zima la biashara ya misafara.

Kwa Tabora, utajiri mkubwa zaidi uko kwa Mirambo. Mwaka 1871 Stanley, akiwa amefikia Kwihara, karibu na Tabora, aliingia vitani upande wa wafanyabiashara Waarabu, wakashindwa. Aliyoandika baadaye kuhusu Mirambo yameandikwa na mtu aliyepigwa. Aprili 1876 Stanley huyo huyo alichanjiana damu na Mirambo na kumsifu kuwa muungwana. Mirambo hakubadilika kiasi hicho kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni haja ya mwandishi. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayeweza kueleza hilo kwa maneno yake ameelewa nini maana ya chanzo cha historia, kuliko aliyekariri aina za vyanzo kwa ajili ya mtihani.

Faida hiyo lakini haiji kwa kumwambia mtoto “nenda katafute mtandaoni”. Hapo ndipo mambo huharibika, na chanzo kikubwa ni namna maandishi yanavyosomwa na kompyuta. Herufi za magazeti ya karne ya 19 ni ndogo, wino umevuja, na safu zimebanana. Programu hugeuza i na j kuwa l au 1, kwa hiyo neno Ujiji, ambalo baada ya U lina herufi hizo tupu, ni miongoni mwa maneno yanayopotea kwa urahisi. Mistari ya safu mbili jirani nayo huunganishwa ikawa sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Utafutaji ukirudisha sifuri, haina maana kwamba habari haimo. Dawa ni kutafuta kwa tarehe: chagua gazeti, fungua mwezi, pitia kurasa kwa macho.

Magazeti ya Kijerumani yana taabu yake zaidi. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899 na kukoma 1916, limewekwa mtandaoni na maktaba ya serikali ya Berlin. Limechapwa kwa herufi za kale za Kijerumani ziitwazo Fraktur, ambamo s ndefu hufanana na f, na b hufanana na v. Tabora huweza kusomwa Tavora. Tahajia pia si yetu: Ujiji huandikwa Udschidschi au Udjidji. Anayepeleka maandishi hayo yenye makosa moja kwa moja kwenye programu ya tafsiri atapata Kiswahili kinachosomeka vizuri na kisicho na ukweli. Kwanza chapa upya mistari 10 unayoihitaji huku ukiangalia picha ya ukurasa, ndipo utafsiri. Kama hakuna anayejua Kijerumani shuleni, afadhali kutumia matangazo ya biashara na ratiba za meli na reli, ambazo idadi yake ya maneno ni ndogo.

Kwa darasa la wanafunzi 60, ukurasa mmoja unatosha kwa vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Mwalimu aupakue mapema. Vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 vinaweza kuuhifadhi, na umeme ukikatika somo haliharibiki. Asiuchape ukurasa mzima kwenye A4, kwani hautasomeka. Akate safu moja, sentimita 15 hivi, aikuze, na juu yake aandike jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa. Kosa la kusahau mstari huo mmoja ndilo huzaa vikaratasi visivyojulikana vimetoka wapi mwaka unaofuata. Nakala 15 zinatosha, moja kwa wanafunzi wanne. Ukurasa mzima uonyeshwe mara moja kwenye kishikwambi ili waone matangazo na habari zilizoizunguka. Kisha maswali: nani anasema, alikuwepo? Nani ametajwa kwa jina, nani ameitwa “wapagazi” tu? Susi, mtumishi wa Livingstone aliyekimbia kumpasha habari za mgeni, na Bombay, aliyeongoza askari wa Stanley, wamepewa nafasi gani? Matusi yasifutwe, ila mwalimu ayasome kabla na awaandae wanafunzi, asije akashtukia mbele yao.

Lugha nayo ina lake. Somo la History hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo Herald linaingia bila tafsiri. Historia ya Tanzania na Maadili ni kwa Kiswahili, na hapo Herald halitoshi, yanahitajika magazeti ya Kiswahili. Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lilipokea habari kutoka bara kwa makarani na walimu Waafrika. Mambo Leo, lililoanza 1923, lilibeba mashairi ya wasomaji. Yote mawili yalikuwa magazeti ya serikali ya kikoloni, lakini kalamu zilikuwa za wenyeji, na tahajia yake ya kabla ya 1930 ni somo kwa mwalimu wa Kiswahili pia.

Kisha kuna ukimya, ambao wapinzani wana haki kuutaja. Tabora ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, Kiongozi na gazeti la Wajerumani yalikuwa yamekoma au yako ukingoni. Habari za siku ile zimebaki zaidi kwa washindi. Na mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uliokubali kuingia uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), umo katika magazeti ambayo ni adimu zaidi kupatikana mtandaoni bure. Kwa tukio hilo shule ya Tabora ina njia ya karibu zaidi: bado wapo wazee mjini waliokuwa vijana mwaka ule. Wanafunzi wawaulize maswali yale yale waliyoliuliza Herald, waandike jina la mzee kwa ridhaa yake, tarehe na mahali, na karatasi hizo ziwekwe katika faili moja na vipande vya gazeti.