Formalini kwanza, mashine baadaye

Kila nikisikia hospitali inatafutiwa fedha za mashine ya PCR, inayozidisha vinasaba ili vionekane, ili ipime saratani vizuri zaidi, nafurahi. Halafu nauliza: vinyama, yaani vipande vya uvimbe, vinavyotoka chumba cha upasuaji vinawekwa kwenye nini?

Chukua limfoma ya Burkitt, ile saratani inayovimbisha taya za watoto katika maeneo yetu yenye malaria nyingi. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, wakakiona kirusi katika seli zilizooteshwa kutoka kwenye uvimbe uliosafirishwa kwa ndege toka Uganda. Kirusi hicho, EBV (kirusi cha Epstein-Barr), wanacho zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, na hapo ndipo PCR peke yake inapokwama. Kinyama huyeyushwa chote, vinasaba vikatolewa na kuzidishwa mara mamilioni. Jibu likisema kirusi kipo, hujui kimetoka kwenye seli za saratani au kwenye chembe nyeupe ya damu iliyokuwa inapita tu.

Kinachojibu ni kutafuta vinasaba palepale vilipo ndani ya tishu, mbinu ambayo Joseph Gall na Mary Lou Pardue wa Chuo Kikuu cha Yale waliionyesha mwaka 1969 kwa kutumia mayai machanga ya chura na alama za mionzi. Kwa EBV siku hizi mionzi haihitajiki. Kinyama hukatwa utando mwembamba wa maikroni chache, hubandikwa kwenye slaidi, nta kilimogandishwa ikaondolewa, kisha hudondoshewa kipande cha vinasaba kilichotengenezwa ili kinase RNA (nakala za vinasaba) za kirusi ziitwazo EBER. Seli moja yenye kirusi yaweza kuwa nazo karibu milioni. Rangi ikikubali, viini vya seli za uvimbe hukolea buluu inayokaribia weusi, kimoja baada ya kingine, na seli za jirani zikabaki na wekundu hafifu. Hakuna jibu la karatasi linaloshinda kuona hivyo kwa macho.

Lakini RNA huharibika upesi. Kinyama kikisahauliwa mezani, au kikashindiliwa kwenye kichupa chenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu isioze) kiduchu isiyo na chumvi za fosfeti, ambayo hugeuka tindikali kadiri inavyokaa, tumeshapoteza. Formalini hupenya taratibu, takriban milimita moja kwa saa. Uvimbe mkubwa ukitumbukizwa mzima, katikati huanza kuoza kabla dawa haijafika.

Na tiba yake ni rahisi mno! Mililita 100 za formalini kali, mililita 900 za maji yaliyosafishwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile ya haidrojeni moja. Uvimbe upasuliwe vipande, formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, na saa kilipotolewa iandikwe kwenye fomu.

Wataalamu wa patholojia nao nawaomba jambo moja. EBER ikitoka hasi, ripoti iseme kama RNA ya kawaida ya seli za mgonjwa ilipimwa kwenye kipande hichohicho na ikaonekana. Isipoonekana, msiandike hasi. Andikeni kwamba sampuli haikufaa, na mtoto akatwe kinyama kingine.