Nani Kachomoa Waya?

Simu imelia saa tisa usiku. Mtu mwenye wazazi wa umri wa wazazi wangu, simu ikilia saa hiyo, haulizi ni nani. Anaanza kuhesabu nauli. Nimeruka kitandani, nimejikwaa kwenye ndoo ya deki, moyo uko kooni.

"Haloo?"

"Shem! Eti huko kuna baridi kweli?"

Dar ilikuwa saa saba mchana, mwenzangu kashashiba wali maharage. Nimemweleza mara ngapi kwamba msimu huu sisi wa Edmonton tuko nyuma yao kwa saa kumi? Jibu lake: "Kwani nyie mnachelewa nini?"

Shemeji anakuja Januari, wiki mbili. Viza kaipata, na tangu aipate kaniteua kuwa ofisi ya utalii. Sikatai. Mimi ni mtu mzima, nina miaka tisa Kanada, pale ghalani ninapopanga maboksi wananiheshimu. Nikajifunga blanketi, nikaketi, nikaanza kutoa mwongozo kama balozi.

Ratiba yake ni hii: Jumamosi apumzike, Jumapili "tupitie Niagara mara moja, jioni turudi." Shem, kutoka hapa hadi Niagara kwa gari ni sawa na uende Mwanza kutoka Dar, urudi Dar, halafu uende tena Mwanza. Hii nchi kwa ukubwa inazidiwa na Urusi tu. Kasema, "Basi Vancouver," kwa sauti ya mtu anayekupunguzia bei. Vancouver ndiyo Mwanza yenyewe, ila njiani kuna milima na barafu.

Koti kanunua mitumba pale Karume, la ngozi, zipu nne. Nimemwambia alivae mpaka uwanja wa ndege, apige picha, aliache na anayemsindikiza. Huku ikifika hasi 40, kipimo chetu cha Selsiasi na cha Wamarekani cha Farenhaiti vinasoma namba ileile, maana hapo hakuna tena cha kubishania.

Lakini kuna jambo moja nilimwambia asimame alisikilize. Waya wa gari langu asiuguse. Akiukuta umechomekwa, auache. Akiukuta umechomoka, aje aniamshe.

Hili nililisomea kwa baba yake.

Mzee alitutembelea mwaka juzi. Mwalimu mstaafu, mpole, ila hawezi kuona taa inawaka bure. Ukitoka chooni, yuko nyuma yako anazima. Sasa magari ya huku yana kichwa cha plagi kinachoning'inia mbele kama ulimi wa mbwa. Usiku unakiunganisha na soketi ya nje kwa waya mrefu, kuna kidude ndani kinaipasha injini joto isije ikaganda. Mzee alikiona siku ya kwanza.

"Mwanangu, hili gari ni la umeme?"

"Hapana baba, la petroli."

Akanyamaza kitambo. "Petroli linakula. Na umeme linakula."

Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka. Usiku wa nyuzi 34 chini ya sifuri, akaazima buti zangu, eti anataka kuona theluji kidogo. Nikafurahi, mzee anazoea mazingira.

Alfajiri saa kumi na moja nikaingia garini, nikawasha. Ng'oo. Ng'oo... oo. Kimya. Oili ilikuwa nzito kama asali ya Tabora. Nikashuka kukagua waya. Waya hakuna! Nikarudi ndani nalalamika kwa sauti: hata huku kuna vibaka, jamani, mtu anaiba waya wa gari na baridi yote hii!

Mzee akatoka chumbani na msuli wake, anatabasamu.

"Nilijua tu wataiba. Nimeuweka uvunguni."

Alikuwa ameukunja vizuri, ameufunga na kamba ya kiatu changu. Ungefanyaje? Mkwe hafokewi. Nikasema, "Ahsante, baba." Nikaupokea kwa mikono miwili! Nikaenda kuuchomeka, nikasubiri muda wa saa tatu injini ilegee, na mzee yuko dirishani na kikombe cha chai anasema magari ya Kijapani hayana shida hizo. Baba, hili ni la Kijapani! Msimamizi ananipigia, nimwambie nini? Kwamba mkwe wangu anaokoa umeme? Siku ikakatwa. Mke wangu naye: "Si alikuwa anakusaidia?" Kusaidia! Kusaidia nini? Huku hakuna LUKU, bili inakuja mwisho wa mwezi, mimi ndiye ninayeilipa, niacheni na umeme wangu uungue!

Samahani. Nilikuwa kwenye mwongozo.

Bei ya rafuni si bei ya kaunta. Kodi wanaiongeza mwishoni, hapa kwetu Alberta asilimia 5. Hotelini mashine inakuuliza bakshishi asilimia 15, 18 au 20 huku mhudumu anakutazama machoni. Viatu vinavuliwa mlangoni, kwa hiyo soksi zenye matundu zibaki Temeke. Na saa za Kiswahili azisahau kabisa. Zile zilitungwa na watu wa karibu na Ikweta: jua linachomoza kumi na mbili, linazama kumi na mbili, hesabu imekwisha. Hapa mwanzoni mwa Januari jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, saa kumi na nusu limeshazama, na Juni linazama saa nne za usiku. Mzee alikula chakula cha usiku saa kumi jioni wiki tatu mfululizo, saa mbili asubuhi anaamka anauliza mbona hakukuchi.

Shemeji kasikiliza yote, akauliza: "Kwa hiyo nibebe na taulo?"

Sasa ni saa kumi na moja, usingizi umeondoka. Nimeshatoka mara mbili kuuangalia waya. Nimekumbuka sikumwagiza kitu, nikamtumia ujumbe wa sauti: dagaa wa Mwanza kilo mbili, na awataje forodhani, asije akawaficha kwenye soksi. Kausikiliza, alama naiona. Kanijibu herufi moja: K. Kunipigia saa tisa usiku bando lipo, la kumalizia neno halipo.