Matokeo ya kidato cha sita yametoka: kagua makaratasi kabla ya kutaja chuo

Kila Julai matokeo yakitangazwa, swali linalozunguka nyumbani ni moja: "Utaenda chuo gani?" Shangazi anauliza, jirani anauliza, hata bodaboda wa mtaani anauliza. Mimi naona lingetangulia swali jingine lisilo na mvuto: vyeti vyako vyote vina jina moja?

Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Salum. Cha kidato cha nne kinasema Asha J. Salumu. Nyumbani hakuna anayeona tofauti, lakini mfumo wa Bodi ya Mikopo unalinganisha herufi kwa herufi. Hapo utatumwa kwa wakili kuandaa hati ya jina, ikasajiliwe, na dirisha la maombi halikusubiri. Cheti cha kuzaliwa chenyewe lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo (kwa Zanzibar, ZCSRA), na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Angalia jina la marehemu lisomeke sawasawa na lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa, la sivyo uyatima wako hautahesabika. Kazi hii haihitaji matokeo, unaweza kuimaliza Machi. Kwa nini watu wanaisubiri Agosti, sijawahi kuelewa.

Fomu ya mkopo inajazwa mtandaoni kwenye OLAMS, mfumo wa maombi wa Bodi, ada yake 30,000. Ukishajaza unaichapa, unaipeleka serikali ya mtaa au kijiji, kisha kwa wakili au hakimu, mdhamini anasaini, halafu kurasa zilizosainiwa unazipandisha tena mfumoni. Makosa ni yale yale: mhuri umesahaulika, kurasa zimepigwa picha kwa simu chini ya kivuli na hazisomeki, kitambulisho cha mdhamini hakipo. Skani kwa mashine, kisha ifungue mwenyewe uisome kabla ya kutuma.

Halafu kuna suala la JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana wanaoitwa kwa mujibu wa sheria huripoti kambini Mei au Juni, kwa mafunzo ya miezi kama mitatu, na ndani ya miezi hiyo hiyo matokeo yanatoka, madirisha ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na ya Bodi yanafunguliwa. Huko kambini simu si kitu cha kushika utakavyo. Ratiba hii inawaumiza zaidi watoto ambao nyumbani hakuna mtu wa kuwashughulikia, na ingefaa itazamwe upya. Kwa sasa, dawa ni laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, ikae kwa mtu mmoja anayejua kusoma ujumbe na kuufanyia kazi siku hiyo hiyo.

Nasisitiza laini kwa sababu ukidahiliwa vyuo viwili au zaidi, namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja inakuja kwa ujumbe mfupi, kwenye simu uliyoandika wakati wa kuomba. Sasa fikiria fomu ilijazwa steshenari, na kijana wa pale, kwa kuharakisha foleni, akaweka namba yake na barua pepe yake. Amekuchagulia na nywila, ameiandika kwenye daftari lake. Siku za kuthibitisha zikipita, nafasi inakwenda, unarudi kuomba awamu inayofuata ambako kozi nzuri zimebaki viti vya kuhesabu. Steshenari walipe kwa kuchapa. Namba, barua pepe na nywila viwe vyako.

Tuje kwenye pointi, maana hapa ndipo hata walimu wanapotosha. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kima cha chini cha kuingia digrii ni pointi 4 katika masomo mawili, lakini si mawili yoyote: ni yale yaliyotajwa kwenye vigezo vya kozi husika. Chukua wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) mwenye A ya Historia, E ya Jiografia na E ya Uchumi. Jumla ana pointi 7, anatembea kifua mbele. Akiomba kozi inayotaka Uchumi na Jiografia, ana pointi 2 tu. Mfumo unamkataa na yeye analia kuwa ameonewa. Kozi kadhaa za biashara na kompyuta zinadai pia hesabu, ama ya kidato cha nne au ile ya ziada ya kidato cha sita, kwa asiyesoma hesabu kama somo kuu. Udaktari wa binadamu unataka pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na hicho ni kibali cha kuomba tu; ushindani ni habari nyingine.

Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa bure mtandaoni kila mwaka. Watu wanasoma jina la kozi na kufunga. Soma na safu ya idadi ya nafasi. Ukijaza chaguo zako zote kwa kozi zinazogombewa na kila mwenye divisheni wani, usishangae ukikosa zote. Weka mbili za ndoto, nyingine ziwe ambazo pointi zako zinatosha na kuzidi.

Fedha zipigiwe hesabu kabla ya kubofya, na ya miaka yote. Mkopo hutolewa kwa vipengele, na kwenye ada unaweza kupewa sehemu tu. Tuseme ada ni 1,300,000 na Bodi imetoa 600,000. Pengo ni 700,000. Ongeza ada ya TCU 20,000 na bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa 50,400: unafika 770,400 kwa mwaka, 2,311,200 kwa miaka mitatu. Familia nyingi zinaweza kujipanga kwa hilo. Sasa chukua udaktari chuo binafsi kwa ada ya milioni tano, Bodi ikitoa nusu. Pengo ni 12,500,000 kwa miaka mitano, bila chakula wala chumba. Wanaoanza bila kufanya hesabu hii hukwama mwaka wa pili, akaunti ya mitihani imefungwa kwa deni.

Na mkopo utalipwa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 800,000 hiyo ni 120,000 kwa mwezi. Deni la milioni 12 litakuchukua miezi 100, miaka minane na ushee. Tozo ya kulinda thamani, ile asilimia 6, iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena kama zamani.

Hesabu na miaka iliyofichika. Sheria ina mwaka wa Law School baada ya digrii kwa anayetaka uwakili. Udaktari una mwaka wa mafunzo kazini. Kwa mwenye pointi za mashaka, mimi ningempeleka stashahada bila kuona aibu: akimaliza na GPA ya 3.0 mlango wa digrii uko wazi, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi inakopesha hata baadhi ya fani za stashahada.

Bumu nalo, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo. Kwa kiwango kamili cha 10,000 kwa siku, awamu ya siku 60 ni 600,000. Lakini haliingii siku ya kuripoti. Kuna usajili, kuna kusaini kwa alama za vidole, kuna akaunti ya benki iliyokosewa tarakimu moja. Beba nauli, kodi ya chumba, na chakula cha wiki nne.