Muhogo Wangu Wenye Moyo

Nilipokuwa nikiandika tasnifu ya uzamili juu ya jeni za muhogo, nilipewa kazi ya kuzipanga protini mia kadhaa kwa istilahi za Gene Ontology, mfumo ulioanzishwa mwaka 1998 na watunzaji wa hifadhidata za nzi, hamira na panya ili kazi moja ya jeni isiitwe kwa majina matatu. Kila istilahi ina namba ya tarakimu saba, nayo hukaa katika mojawapo ya matawi matatu: utendaji wa molekuli, mchakato wa kibiolojia, au sehemu ya seli.

Nikiwa nimebakiwa na siku nne, nililinganisha protini zangu na za panya, kwa kuwa panya amechunguzwa mno, kisha nikanakili istilahi zote za kila protini iliyofanana na yangu. Safu ya vithibitisho, ile inayoonyesha kama jambo limeonekana katika jaribio au limekisiwa na kompyuta tu, niliifuta kwa sababu ilikuwa ikibana jedwali.

Siku ya kuwasilisha nilisoma kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Nilipotaja GO:0007507, ukuaji wa moyo, mtu mmoja nyuma alikohoa. Nilipotaja GO:0007601, utambuzi wa kuona, wakakohoa watatu. Nilipofika GO:0007626, tabia ya kutembea, profesa wangu alivua miwani.

“Kijana, huu muhogo wako unakwenda wapi?”

“Samahani, Profesa?”

“Nauliza kwa kuwa nina ekari mbili Kibaha. Nisije nikafika Jumamosi nikakuta mashimo matupu.”

Kicheko kilipotulia, alinieleza kwamba kimeng’enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine huifanya kazi hiyo ndani ya panya na ndani ya muhogo vilevile, hivyo tawi la utendaji ningeweza kuliazima kwa tahadhari. Lakini moyo unaojengwa kwa kazi hiyo ni wa panya, nami nilikuwa nimeubeba pamoja na miguu yake. Nilirudia kila kitu kwa kutumia Arabidopsis, gugu dogo ambalo walau halijawahi kumtoroka mtu.

Tasnifu ilipita. Hata hivyo, kila kantini inapopika muhogo wa nazi, wenzangu hunisogezea sahani na kuniomba kwanza niupime mapigo.