Mama, Punguza Chumvi

Jumapili iliyopita mgeni wetu wa heshima, mwanasiasa, alichelewa saa mbili unusu, na ibada ikamngoja. Kwaya iliimba nyimbo zote inazozijua, ikazirudia. Mbuzi aliyeandaliwa kwa heshima yake alilia nyuma ya hema mpaka akanyamaza, nadhani naye alichoka kungoja. Hayo nimeyazoea. Paa la kanisa letu linavuja tangu nikiwa shule ya Jumapili, na mabati hayajinunui.

Lililonichoma ni lile la mama mmoja wa kanisa letu.

Alikuwa amepangiwa dakika tatu za ushuhuda. Wengi wetu tunaujua ushuhuda huo, maana aliutoa kwenye ushirika wa Alhamisi tukalia sote. Mtoto wake alishikwa na nimonia usiku. Akambeba hadi hospitalini, akaambiwa oksijeni hakuna na dawa akanunue nje. Hakuwa na hata ndururu. Akaketi kwenye benchi ya korido hadi karibu na alfajiri, akimwimbia mtoto na kumlilia Mungu, mpaka mwanamke asiyemjua, aliyekuja kumuuguza mumewe, akamfumbatisha noti ya elfu moja na kuondoka bila kusema jina lake. Dawa ikapatikana. Mtoto yu hai. Jumapili alikuwa pale mbele akitafuna biskuti.

Kabla hajapanda, mzee mmoja wa kanisa alimvuta kando. Nilikuwa karibu nikipanga soda, nikasikia. "Mama, leo punguza chumvi. Hayo ya hospitali tuyaache, mheshimiwa asije akadhani tumemwita kumsuta. Sema tu Mungu amekuponyea mtoto, kisha uwashukuru wageni."

Mama akaitikia, "Sawa, mzee." Akasimama, akasema Bwana asifiwe, Mungu ameniponyea mtoto, asanteni wageni wetu. Hata dakika haikufika. Mheshimiwa akapiga makofi macho yakiwa kwenye simu.

Kisha akapewa kipaza sauti, naye akatoa wake. Jinsi alivyouza njugu stejini, jinsi maadui walivyomchimbia shimo, jinsi Bwana alivyomwinua hadi lile gari tuliloliona likiingia. Dakika hamsini. Hapo hakuna mzee aliyekumbuka habari ya chumvi.

Sasa niambieni, ushuhuda wa mama bila hospitali umebaki na nini? Mungu aliyemwona ni yule wa kwenye korido. Toa benchi, toa oksijeni isiyokuwepo, toa noti ya elfu, na umemtoa Mungu mwenyewe, kwa sababu ndimo alimokuwa. Kilichobaki ni salamu za kukaribisha wageni.

Watu wa kwetu wanapenda kutaja Paulo mbele ya wakubwa, basi tumsome. Kule Kaisaria, liwali Feliki alimwita amsikie pamoja na mkewe Drusila. Paulo alikuwa mfungwa, mwenye kila sababu ya kubembeleza. Akazungumzia haki, kiasi na hukumu itakayokuja, mpaka Feliki akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake, atamwita akipata nafasi. Na Biblia haifichi kwamba Feliki alitumaini kupewa fedha. Hakupewa, na miaka miwili ilipopita akamwacha Paulo kifungoni. Angalau enzi zile mkubwa ndiye aliyengojea bahasha kutoka kwa mhubiri.

Baadaye wakaja mfalme Agripa na Bernike kwa fahari, na majemadari nyuma yao. Msafara kama wetu tu, ila bila ving'ora. Paulo akaeleza yote, hata aibu yake mwenyewe: jinsi alivyowatia watakatifu gerezani, jinsi mwanga ulivyompiga adhuhuri njiani kwenda Dameski. Festo, liwali aliyemfuata Feliki, akapaza sauti kwamba Paulo ana wazimu. Paulo akamaliza kwa kuwatakia wote waliomsikia wawe kama yeye, isipokuwa vifungo vile. Minyororo hakuificha ndani ya kanzu ili mfalme asione haya. Aliitaja hadharani.

Tena si lazima tufike Kaisaria. Nyanya yangu, ndugu wa uamsho, hakuweza kumtaja Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda bila kushusha sauti. Luwum aliokoka Januari 1948, mtu wa Tukutendereza, wimbo wa watu wa uamsho, kama nyanya. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua kuhusu watu waliokuwa wakiuawa na kutoweka. Waliyataja mambo yenyewe. Tarehe 16 silaha zikaanikwa mbele ya askari, akasingiziwa njama, na hakuonekana tena akiwa hai. Redio ikatangaza ajali ya gari. Pengine naye alikuwa na mtu wa kumshauri apunguze chumvi.

Najua mtanirushia Warumi 13, ile ya kuwatii wenye mamlaka. Nimeisoma. Sikutaka mama amtukane mtu. Na nikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mzee yule ana sababu yake: wapo wanaoshika kipaza sauti kwa jina la ushuhuda wakaanza kampeni, au wakaanika ndoa ya jirani. Tumewaona.

Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani, nikashangilia. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki alipokataa michango ya wanasiasa katika kanisa la Soweto, Nairobi, nikashangilia tena. Ila kumnyang'anya mkubwa kipaza sauti ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa mama, na kutomgusa akianza kusema.

Na mimi? Nilisikia kila neno la yule mzee, nikaendelea kupanga soda. Fanta upande huu, Sprite upande ule.

Jioni nilipopeleka kreti jikoni nilimkuta mama akiosha sufuria. Dereva wa mheshimiwa alikuwa ameketi kwenye kigoda na sahani ya nyama magotini, naye mama alikuwa anamsimulia: korido, benchi, oksijeni, yule mwanamke na noti yake. Yote, na chumvi yake. Dereva alikuwa ameacha kula.