Tuanzie Kiunga

Kila anayezungumzia biashara kati ya Kenya na majirani zake kwa upande huu wa Lamu huanzia kwenye gati za Magogoni, kwenye bandari mpya ya Lamu. Mimi naona tuanzie Kiunga, mji wetu mdogo wa pwani karibu na mpaka wa Somalia.

Sina chuki na bandari mpya. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi walipokuja kuzindua LAPSSET, mradi wa ushoroba wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, wengi wetu tulifurahi kwa dhati. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Lamu ilitajwa kama mlango wa kuingilia, wakati tumezoea kutajwa kama pembe ya mwisho ya nchi. Tuliahidiwa gati 32, reli, bomba la mafuta, na barabara za kwenda Juba na Addis Ababa. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na matatu ya awali yakakamilika. Kina chake ni mita 17.5, na meli kubwa zinaweza kufunga pale bila shida.

Lakini gati unaweza kulijenga peke yako, ushoroba huwezi. Ushoroba unataka jirani akubali kupitisha mali yake kwako, na jirani ana hesabu zake. Mwaka 2016 Uganda iliamua kwamba mafuta yake yatakwenda Tanga, kwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, ingawa njia ya kuja Lamu ilikuwa mezani. Ilipima gharama, ikapima ardhi, ikapima usalama wa njia ya kaskazini mwa Kenya, ikaenda kwa Tanzania. Ethiopia haina bahari tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, na sehemu kubwa mno ya biashara yake hupita Djibouti. Tarehe 1 Januari 2024, ilipotaka njia nyingine ya kufika pwani, ilitia saini makubaliano na Somaliland, eneo lililojitangaza kujitenga na Somalia, jambo lililoikasirisha serikali ya Mogadishu. Sudan Kusini bado inasukuma mafuta yake kwa bomba linalopita Sudan hadi Bahari ya Shamu, hata baada ya vita vya Sudan kuanza Aprili 2023 na kuonyesha hatari ya kutegemea njia moja. Wakati huo huo, barabara yetu ya kwenda Garissa kupitia Ijara imejengwa kwa kusitasita kwa sababu wajenzi wameshambuliwa mara kadhaa.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu nataka bandari ile ifanikiwe. Ila imani ya jirani hailetwi na kina cha maji. Huja polepole, kwa mali kufika salama, kwa ushuru unaojulikana mapema, na kwa neno la forodha lisilobadilika kati ya asubuhi na jioni. Na hapa Lamu tuna jirani ambaye tumefanya naye biashara karne na karne, kisha tukamgeuzia mgongo.

Watu wa Kiunga, Ndau, Faza na Kizingitini wana jamaa zao Kismayu, kusini mwa Somalia, na katika visiwa vya Wabajuni vinavyofuatana kaskazini ya Ras Kamboni. Hadi mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia eneo la Jubaland, Kismayu na Lamu zilikuwa chini ya utawala mmoja. Hata mpaka ulipochorwa, vyombo havikuacha kwenda. Kusi likivuma, jahazi lilipanda kaskazini na boriti za mikoko, nazi na makuti. Kaskazi likirudi, lilishuka na tende, chumvi, samli, mazulia na papa mkavu. Mahari zilitoka Faza zikaenda Kismayu, na nyingine zikatoka huko zikaja huku. Deni liliandikwa na mtu mmoja likalipwa kwa ndugu yake msimu uliofuata. Ule ulikuwa ushirikiano wa kibiashara uliosimama bila mkutano hata mmoja wa mawaziri.

Leo biashara hiyo haijafa, imesukumwa gizani tu. Sukari na tambi zinazoingia kutoka Kismayu bila kulipiwa ushuru si siri kwa yeyote anayeishi mwambao huu. Tunamwita anayezileta mfanya magendo, na kisheria ni kweli. Lakini mvuvi anayetaka kuuza ng'onda zake upande wa pili, au mama mwenye duka anayetaka kuleta ndimu kavu na samli, amefunguliwa mlango gani wa halali? Kijana wa Kizingitini akiuza kamba mawe wake, anamuuzia dalali kwa bei aliyopanga dalali, kwa kuwa soko lake ni la upande mmoja tu, kusini.

Somalia ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024, ikawa mwanachama wa nane. Hili ni jambo kubwa kwa Lamu kuliko linavyozungumzwa. Jumuiya ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama, unapita mpakani kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa papo hapo, bila ushuru wa forodha. Wanawake wa Busia na Namanga wanaujua vizuri. Sukari ya kutoka ng'ambo haitapita kwa cheti hicho, na ni sawa isipite. Lakini ufuta, ndizi za bonde la Juba, ndimu kavu na samli vingepita. Na sisi tungepeleka korosho, embe za huku kwetu Hindi na Mpeketoni, nazi, na hata majahazi yenyewe. Mafundi wa Matondoni bado wanaunda vyombo kwa mikono, na wanaokosa kazi si kwa uhaba wa ujuzi bali kwa uhaba wa wateja.

Najua jibu nitakalopewa: usalama. Sitalipuuza, maana sisi ndio tuliozika. Mpeketoni, Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa. Baada ya hapo ikaja amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka, na msitu wa Boni ukawa uwanja wa operesheni za kijeshi. Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba mpaka na Somalia utafunguliwa kwa awamu, Mandera, Liboi na hatimaye hapa Kiunga. Julai, baada ya mashambulizi mapya, ikaahirisha. Sidhani uamuzi ule ulichukuliwa kwa wepesi.

Swali langu ni hili: mpaka uliofungwa umewazuia nani? Mwenye bunduki hapiti kwenye kituo cha forodha. Anayezuiwa ni mwenye gunia la ufuta. Chombo kilichosajiliwa, chenye nahodha anayejulikana na orodha ya mzigo iliyoandikwa, ni rahisi kukilinda na kukikagua kuliko mashua inayojificha mikokoni usiku. Tena bahari inaweza kutangulia barabara. Si lazima tusubiri msitu wote wa Boni utulie ndipo jahazi liruhusiwe kutoka Kismayu hadi jeti ya Kiunga au Lamu mchana kweupe, likaguliwe na maafisa wa nchi zote mbili wakiwa meza moja, kama inavyofanyika Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, tangu kituo cha pamoja kifunguliwe Desemba 2020.

Kuna ugonjwa mwingine, nao ni wa viongozi. Miraa ya Kenya ilizuiwa kuingia Somalia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, na sehemu ya muda huo nchi mbili hizi hazikuwa hata na mabalozi. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa uamuzi kuhusu mpaka wa bahari unaoanzia hapa hapa kwetu, na Kenya ikaukataa. Wakulima wa Meru na wavuvi wa Kiunga hawakuulizwa katika lolote kati ya hayo, ila wao ndio waliolipa. Biashara ya watu wa kawaida isigeuzwe fimbo ya kuchapana.

Na bandari kubwa je? Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hilo ndilo nililoliona likitendeka. Ujenzi wa Magogoni uliharibu maeneo ya uvuvi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Miaka ikapita wakingojea. Mwekezaji wa nje akija kutuahidi ajira, tutakumbuka ile subira. Kwa hiyo nataka uwekezaji wa kwanza uwe ule unaokaa mkononi mwa mwenyeji: mtambo wa barafu Kiunga, ghala la baridi linaloendeshwa na ushirika wa wavuvi, mashine ya kukamua ufuta, mikopo ya injini. Mtaji wake unaweza kutoka Kismayu au Mombasa, hata Pemba, kwa ubia na watu wa hapa. Fedha zake ni ndogo sana mbele ya zile zilizozamishwa Magogoni.

Serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya mpaka, hilo linaeleweka. Ila inaweza kujenga jeti nzuri na soko lenye kivuli, na inaweza kudai kwamba ujumbe wa Kenya unapokaa na wa Somalia kuzungumzia forodha, awepo nahodha mmoja wa Faza na mama mmoja muuza samaki wa Kizingitini, wakiwa na haki ya kusema. Wao wanajua msimu gani vyombo hupanda na msimu gani hushuka, na ratiba ya maafisa wa forodha Kiunga ingepangwa vizuri zaidi kwa kuwasikiliza kabla ya kaskazi lijalo.