Risasi uliyoijaribu kwenye baridi usiipeleke Rungwa kichwa kichwa

Wakuu, mi nimekaa kambi za uwindaji kwenye pori la akiba la Rungwa misimu kadhaa, kazi yangu kufuata nyayo, na naandika hii kwa sababu juzi hapa Mbeya nimesikia jamaa wanabishana kuhusu risasi za kujaza mwenyewe, yaani unajaza baruti upya kwenye ganda la risasi, mmoja anasema we mimina mpaka ganda lijae ndo inakuwa na nguvu. Jamani hapana, hapana kabisa.

Hapa kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, hilo halina mjadala. Wanaokuja nazo ni wageni, hasa Wamarekani, kwao mtu anajaza risasi zake nyumbani ni kitu cha kawaida, na wale wanaoijua kazi hawakisii hata chembe. Wanapima kwa greni, na greni 1 haifiki hata gramu 0.07. Mezani kunakaa kopo moja tu la baruti, maana ya bastola na ya rifle ukizimwaga kiganjani unaweza usizitofautishe, ila ya bastola inaungua haraka mno, ukijazia ganda la rifle bunduki inakupasukia usoni. Wanaanza kama asilimia 10 chini ya kipimo cha juu kilichoandikwa kwenye kitabu cha vipimo vya baruti, wanapanda kidogo kidogo, na kila hatua wanaokota ganda wanaliangalia kitako. Praima, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikilala bapa, au bolti, kile chuma unachofungua na kufunga kupakia risasi, mkono wake ukiwa mzito kunyanyua, wanaacha hapo hapo wanarudi chini.

Ila kinachosahaulika ni joto, na sisi wa nyanda za juu tungelijua hili kuliko wote. Julai Mbeya unavaa koti mpaka saa nne asubuhi, Oktoba uko Rungwa chuma cha bunduki hakishikiki. Baruti nyingi zikipata moto presha inapanda, kwa hiyo kipimo kilichokuwa sawa kwenye baridi kinakuwa kimezidi porini na wewe hujaongeza kitu.

Niliona kwa macho yangu. Mgeni mmoja mzee alikuja na .375 yake, rifle ya wanyama wakubwa, risasi alizijaza mpaka kipimo cha mwisho na kuzijaribu kwao wakati wa baridi, zikaenda vizuri tu. Boksi lake likashinda kwenye dashibodi ya gari tangu asubuhi. Saa nane mchana kapiga nyati begani, nyati akayumba, mzee anataka kupakia ya pili, bolti haifunguki. Niko hatua mbili pembeni yake naona anaupiga ule mkono wa bolti kwa kiganja mara tatu, nne, damu inatoka, na nyati yuko mita kama 40 kageuka anatutazama. Bosi wangu ndo alimmaliza.

Jioni lile ganda tulilitoa kwa kuligonga na fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu. Praima imebondeka bapa kabisa. Zile greni za mwisho alizoongeza zilimpa spidi kidogo tu, nyati wala asingehisi tofauti. Mzee alilishika lile ganda muda mrefu hasemi kitu, halafu akafunga boksi lake, na siku zilizobaki akawinda na bunduki ya kambi.